Rungu la Pili

Mimi ni mtu wa kuongea. Kila asubuhi, saa kumi na mbili hadi saa tatu, naendesha kipindi cha kupiga simu kwenye redio moja hapa Bungoma, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kuamka nikasema leo siendi kazini. Wasikilizaji wananitukana, wananiombea, wananiuliza nitaolewa tena lini. Napenda yote. Na mada iliyonipa simu nyingi kuliko siasa ni polisi. Askari akimpiga mtu popote kutoka Webuye hadi mpakani, mimi nilikuwa wa kwanza kumchana hewani. Sikuuliza maswali mengi. Video ilinitosha.

Kaka yangu ni polisi. Tulizaliwa wawili tu, kule Matulo, na wazazi wetu wametangulia, kwa hiyo nikisema ninaye mmoja tu duniani sitii chumvi. Anafanya kazi Kitale. Kila siku kipindi kikiisha alikuwa ananipigia kunikosoa: leo umeongea haraka, leo umemkatiza mzee wa watu. Ananiita kukhu, yaani nyanya, kwa sababu nilipewa jina la nyanya yetu, na anapenda kunikumbusha kwamba nyanya alikuwa na mdomo hivyohivyo.

Mwaka jana mwezi wa tatu, wakati wa kupanda, video ikaingia kwenye simu yangu dakika chache kabla ya kipindi. Ilikuwa ya sekunde kumi na tano. Nje ya lango la ghala moja la mbolea pale Kitale, mtu amelala chini, askari anamshushia rungu. Uso wa askari hauonekani vizuri, lakini mgongo wa ndugu yako utaacha kuujua? Yeye husimama ameegemea mguu wa kushoto, tangu alipoanguka kutoka kwenye mpera tukiwa wadogo.

Mhariri akaniambia nichukue mada nyingine, tuongee bei ya mahindi. Ingekuwa rahisi. Lakini miaka yote nimewachana watoto wa wenzangu, leo wangu nimruke? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nikafungua maikrofoni nikasema, "Mmeiona ile video ya Kitale. Huyo askari ni ndugu yangu, tumbo moja. Haya, semeni."

Wakasema. Mwanamume mmoja alisema yule si mtu, ni mnyama. Mama mmoja akasema, "Madam, pole sana, lakini afungwe tu, bana." Mwingine aliuliza kama kweli tulinyonya ziwa moja au wazazi walimwokota barabarani. Nilicheka kwa sauti na moyo unaniuma.

Saa tatu na dakika moja simu ikalia. "Kukhu, umeniuza," alisema. "Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Si ungeniuliza kwanza ni nini ilitokea?"

Hapo alinishika pabaya, kwa sababu sikuwa nimeuliza. Nikamwomba msamaha kwa hilo, na kwa hilo tu.

Mchana ikaja video nyingine, ndefu, iliyochukuliwa na mtu aliyekuwa juu ya trela. Hii inaanza mapema. Foleni ya wakulima imefika hadi barabarani. Mwanamume mmoja anasukuma lango, wengine wanamfuata, bibi mmoja mzee anaanguka na lango linaanza kulalia upande wake. Kaka anampiga yule mwanamume rungu la mguuni, anaanguka, umati unarudi nyuma, bibi anainuliwa. Kufikia jioni kaka yangu alikuwa shujaa. Kesho yake asubuhi wasikilizaji walewale, nawajua kwa sauti, walitaka apandishwe cheo. Aliyemwita mnyama alisema Mungu amlinde. Kaka naye akanitumia ujumbe wa maneno mawili: "Sasa sema."

Usiku ule nilikuwa nimeitazama ile ndefu mara kumi na moja. Nikasema hewani, "Rungu la kwanza nitalitetea mbele ya yeyote. Lakini endeleeni kutazama bibi akishainuliwa. Lango limefungwa, mtu amelala, halafu linashuka rungu la pili, la mkononi. Hilo sina la kulisemea."

Kaka hakunipigia siku hiyo. Wala kesho yake. Wiki nzima ilipita. Mimi huzuni hainizuii kula, lakini kila saa tatu ilipofika nilikuwa naitazama simu kama mchumba aliyeachwa.

Jumatano iliyofuata mtu akapiga kipindini kutoka Ndalu. "Mimi ndiye ule wa chini kwa video," alisema. "Nilisukuma lango, sikatai. Siku tatu kwa foleni, naambiwa mborea inaisha. Lakini mkono imevunjika, na mahindi yangu itapandwa na nani? Sasa uliza ndugu yako alitahiriwa mwaka gani."

Nilimtajia mwaka.

"Si nilijua!" akapiga kelele. "Nimeuliza watu ya Matulo wakaniambia. Huyo ni rika yangu! Mwambie yeye ni mjinga, na mkono yake ni ya kuchuna mboga, hata rungu inaiaibisha!"

Kwetu waliotahiriwa mwaka mmoja huitwa bakoki. Mtu wa rika lako anaweza kukutusi mbele ya wakwe, anaweza kuingia kwako akakamata kuku bila ruhusa, na wewe kazi yako ni kucheka. Kitu ambacho hakifanyiki ni kumwinulia mkono. Kwa hiyo matusi yale yalikuwa msamaha, na kila msikilizaji alilielewa hilo.

Dakika mbili baadaye laini nyingine ikawaka. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, kaka yangu alikuwa amepiga simu kipindini. "Rika yangu, pole," alisema. "Ningejua ni wewe singekuguza."

"Pole haishiki jembe!" yule akamjibu. "Na kuku yako nakuja kushika, ile jogoo kubwa."

Walicheka wote wawili. Jumbe za baraka ziliingia mfululizo, na mhariri ananifanyia ishara niweke wimbo, tumalizie hapo, imekuwa tamu. Nami nilitaka, jamani. Wiki nzima sikuwa nimeisikia sauti ile. Lakini mdomo wa nyanya ukafunguka wenyewe.

"Na kama hangekuwa wa rika lako?"

Mhariri alishika kichwa.

"Kukhu," alisema kaka.

"Nauliza tu. Kesho kwenye lango atakuja mtu usiyemjua, na redio hatapiga."

Nilimsikia akivuta pumzi. "Ile ya kwanza ilikuwa kazi," alisema. "Ile ya pili, kofia yangu ilikuwa imeanguka, watu wakanicheka. Kazi ilikuwa imeisha. Hiyo ilikuwa yangu mimi. Ningempiga yeyote."

Maneno hayohayo aliyaandika kwenye taarifa aliyowapa wakubwa wake. Uchunguzi bado unaendelea, na kwa sasa yuko mezani kituoni anawaandikia watu abstrakti, zile hati za polisi za vitambulisho vilivyopotea. Waliotaka apandishwe cheo walinipigia kunilaani kwamba nimemmaliza ndugu yangu. Magazeti hayakuandika kitu. Nadhani askari anayesema kweli hajulikani awekwe ukurasa gani.

Jumamosi ya wiki ile ya simu alipita kwangu asubuhi, jembe liko nyuma ya pikipiki, akasema twende Ndalu. Tulimkuta mwenyeji amekaa kwenye kigoda katikati ya shamba, mkono ndani ya plasta, anatoa amri kama chifu. Shimo hili liko karibu mno. Laini imepinda. Wewe ulifundishwa kupanda na nani? Kaka alipanda, jasho linamtoka, anatusiwa kila hatua, na nilikuwa sijamwona na uso mwepesi hivyo tangu avae sare.

Karibu na saa nne jirani mmoja akaja mbio na simu mkononi. "Afande, endelea hivyohivyo," alisema akimwelekezea kamera. "Askari anapandia raia mahindi! Hii itatrendi Kenya mzima."

Kaka aliunyoosha mgongo. Akamnyooshea kidole yule mwenyeji pale kwenye kigoda. "Kama unarekodi," alisema, "anza na mkono yake."

Jirani aliutazama ule mkono, akaitazama simu yake, akairudisha mfukoni. Kaka akainama, akatia mbegu mbili kwenye shimo, akafukia kwa mguu. Mimi nilikuwa nimesimama na chupa ya chai, nimefurahi mpaka machozi yananitoka, wala sikuyafuta.