Kiwiko Mlangoni

Gari lenyewe lilikuwa refu, jamani. Ukilisimamisha mjini Fridley, boneti ilikuwa tayari imeingia mji wa ng'ambo ya mto, Brooklyn Park. Lilitoka zama ambazo Wamarekani walitengeneza magari kana kwamba petroli inatoka bombani bure: mapezi mawili nyuma kama papa, bampa za kujitazamia ukinyoa ndevu, gia kwenye usukani, na kiti cha mbele kimoja kirefu, sebule nzima.

Mwenyewe alikuwa mzee wa Kimarekani niliyefanya naye kazi kiwandani. Wakati huo nilikuwa nasoma shule ya jioni, na kila kiangazi, zamu ikiisha, alinipeleka darasani. Kiangazi tu. Theluji ikianguka na barabara kumwagiwa chumvi, gari lilifungiwa gereji hadi mvua za masika zioshe lami, maana chumvi hula bati. Aliendesha kwa mkono mmoja, kiwiko cha kushoto dirishani, akinisomesha njia nzima: redio ni ileile iliyotoka nalo kiwandani, kitambaa cha viti ni kilekile, rangi ya kijani ni ileile.

"Rangi mpya utapata popote," alikuwa akisema. "Hii ukishaikwangua, ndiyo basi."

Nilihitimu nikijua magari kuliko hesabu.

Alipofariki, mkewe aliniita akanipa funguo. Aliomba kitu kimoja: nisilipake rangi. Akanionyesha juu ya mlango wa dereva, chini ya dirisha, mahali pa ukubwa wa kiganja ambapo rangi ilikuwa imesuguliwa hadi bati likaonekana. Kiwiko cha mumewe, cha viangazi vyote vile. Nikaahidi.

Ahadi ilisimama vizuri hadi binti yetu alipochumbiwa.

"Mwanangu hapandi gari lenye mba," mke wangu alisema.

"Si mba, ni historia."

"Historia isome wewe uliyeenda shule. Mimi nataka gari la harusi."

Akamwita kaka yake, fundi wa kupuliza rangi, ambaye akiegemea ukuta tu, ukuta hubadilika rangi. Jumamosi asubuhi huyo, na msasa na makopo ya rangi nyeupe.

"Shemeji, sogea. Jioni hutalijua."

"Hilo ndilo ninaloogopa. Nimemwahidi mjane wa watu."

"Mjane akiliona atapiga vigelegele!"

Tayari alikuwa anakunja mikono ya shati. Nikamtupia funguo. "Haya, liendeshe kwanza, ulijue."

Tukatoka kando ya mto, madirisha wazi, joto la kukaangia mayai. Nilinyamaza, jambo ambalo ukoo wetu haujawahi kulishuhudia. Kufika taa ya pili, kiwiko chake kilikuwa kimejipandisha dirishani chenyewe, kikatua palepale. Akakiinua, akalitazama bati, akakirudisha taratibu.

"Ndipo alipokuwa akiweka mkono?"

"Hapo hapo."

Akageuza gari, tukarudi nyumbani. Akarudisha makopo ndani ya gari lake, akamwambia dada yake, "Hili silipaki. Nipe kitambaa ning'arishe bampa." Mke wangu akanitazama kana kwamba nimemroga kaka yake.

Siku ya harusi, kwa kuwaonea haya wakwe, mke wangu alilifunika lile bati kwa shada la asumini za plastiki. Mjane alipofika hakutusalimu kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa gari, akainua maua, akaweka kiwiko chake pale, akasimama hivyo akitazama barabara. Mke wangu alimwendea. Nilidhani atayarudisha yale maua mahali pake. Akayang'oa yote, akampachika mjane kifuani.

Siku hizi naendesha mimi, kiwiko dirishani, kiangazi tu. Bati limezidi kuonekana kidogo. Mke wangu, akiwa amejinyoosha upande wake wa sebule, husema nikiendelea hivi nitautoboa mlango. Namwambia bado ninayo miaka mia ya kujaribu.