Ndara za Emma

Watu wa shuleni kwetu husema Zuurakan ni mtu wa kinyongo. Ni kweli, na mimi nampenda kwa hilo. Kuna wanaosamehe kwa wema wa moyo na kuna wanaosamehe kwa uvivu tu, na katika chumba chetu cha walimu hao wa pili wamejaa tele. Mimi nafundisha jiografia, chumba changu kimepakana na chake na ukuta wenyewe mwembamba. Kijerumani chake kimenipenya masikioni mwaka baada ya mwaka mpaka nimekielewa bila kukitaka.

Lugha hiyo hakuipata chuoni, aliipata uani. Zamani nusu ya kijiji chetu hapa Talas, bonde letu Wakirgizi, walikuwa Wajerumani, na jirani yao alikuwa Emma, mjane asiye na mtoto. Zuurakan alikuwa akienda kwake kumenya viazi na kushika ndoo wakati wa kukamua. Emma alimsemesha Kijerumani kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumsemesha mule ndani. Wajerumani walipoanza kufungasha na kurudi kwao, Emma naye akaondoka na sanduku moja. Zuurakan aliachiwa ng'ombe na lugha. "Utakuja kuniona," Emma alimwambia pale getini, na mtoto akaitikia kama watoto wanavyoitikia, kana kwamba ni kuvuka barabara tu.

Akasoma ualimu Bishkek, akarudi kufundisha hapa hapa. Wala nafasi za kujiendeleza hazikukosekana. Walimu wa lugha za kigeni hualikwa zaidi kuliko sisi wengine: mara semina Bishkek, mara kozi ya majira ya joto Almaty, na ile kubwa, mwezi mzima Ujerumani, nauli na malazi juu ya wenyeji. Tatizo lilikuwa moja tu. Kila mwaliko ulipita kwanza mezani kwa Rakhat.

Rakhat ni makamu wa mwalimu mkuu. Yeye ndiye anayepanga ratiba, na yeye pia anafundisha Kijerumani, kama hicho anachofundisha ni Kijerumani. Ni mwanamke wa vitambaa vizuri vya shingoni na sauti tamu. Mwaka ule wa semina ya Bishkek alimwambia Zuurakan kwamba imeahirishwa. Wiki iliyofuata akatoweka, kisha akarudi na mkoba mpya wenye maandishi ya semina hiyo hiyo.

"Eje, kumbe haikuahirishwa?" Zuurakan alimuuliza. Sisi mwanamke aliyekuzidi umri au cheo humwita eje, dada mkubwa, hata kama unatamani kumtafuna.

"Iliahirishwa, halafu ikarudishwa ghafla. Ningekupata wapi wewe, na maharage yako shambani?"

Tulicheka. Nasema tulicheka kwa sababu chumba kizima kilicheka, maana ratiba ya muhula ilikuwa bado haijatoka.

Kisha ikaja ile ya Ujerumani, na safari hiyo Rakhat hata hakudanganya. Alisema shule haiwezi kumwachia mwalimu mwenye vipindi vingi kama Zuurakan. Na vipindi hivyo nani alimpangia? Yeye mwenyewe. Akaenda yeye, na Zuurakan alimeza uchungu. Alimeza kwa sababu mji wa kozi ulikuwa mwendo wa saa moja kwa treni kutoka makao ya wazee alikokuwa anaishi Emma, naye alikuwa na jambo la kuomba.

Msimu ule wote wa baridi alikuwa ameshona ndara za kuvaa ndani. Sufu nyeupe ya kondoo wao wenyewe, akaimwagia maji ya moto na sabuni, akaishindilia na kuiviringisha mpaka mikono ikawa myekundu. Juu akatia nakshi ya pembe za kondoo dume kwa sufu nyekundu, na chini ya kila soli akatarizi herufi ya kwanza ya jina la Emma. Miguu ya Emma, alisema, ilikuwa baridi hata mwezi wa saba.

"Eje, sitaki kitu kingine. Mfikishie hizi tu."

"Mbona unaniomba kama mgeni? Nitampa mkononi mwake, nitambusu hata shavuni."

Aliporudi alituambia Emma alilia sana. Alitusimulia mpaka machozi yalivyoteremka. Halafu, kwa kuwa Rakhat hawezi kula asali bila kulamba kidole mbele za watu, akabandika picha za safari kwenye ubao wa chumba cha walimu, kwa pini zenye vichwa vya buluu alizonunua huko huko. Rakhat mbele ya kanisa. Rakhat mbele ya mto. Rakhat mezani kwa mama aliyempangisha, Mjerumani mnene mwenye uso wa furaha, amekalia kiti na kikombe cha kahawa, na miguuni amevaa ndara nyeupe zenye pembe nyekundu.

Zuurakan aliitazama picha ile mpaka kengele ikalia. Alikwenda kufundisha, na kupitia ukuta sikusikia sauti yake kupanda wala kushuka. Mwezi wa tatu akapigiwa simu na mpwa wa Emma kwamba bibi amefariki. Mpwa alisema hakuna mgeni aliyewahi kufika kutoka Talas.

"Utamfanya nini?" nilimuuliza. Mimi ningekuwa nimeshamrukia.

"Nitasubiri."

"Usubiri nini, we mwanamke?"

"Akosee mahali ambapo watu wanatazama."

Alisubiri miaka. Akawa anamsalimia kila asubuhi, anamwachia kiti karibu na jiko, anamkaribisha maandazi yake ya boorsok. Wenzetu walisema ameshasahau. Mimi niliyaona macho yake na nikawa natamani siku hiyo ifike kama mtu anayetamani likizo.

Mwaka jana mwaliko wa Ujerumani ukaja tena, na masharti mawili mapya. Anayekwenda awe hajafika miaka hamsini, naye Zuurakan alikuwa anatimiza hamsini vuli ile. Akikosa hii, basi tena. Na wenyeji, labda kwa kuchoka kuona nyuso zile zile, walisema watamtuma mtu wao aje aone darasa la wazi la kila anayeomba, achague mwenyewe. Waombaji wawili tu, na Rakhat alikuwa na arobaini na saba. Alitaka kwenda tena, alisema, ili "kuimarisha mbinu".

Darasa la wazi kwetu ni harusi. Mapazia hufuliwa, sakafu hupakwa rangi, meza ya wageni hutandikwa kabla ya somo kuanza. Somo lenyewe hukaririwa na watoto mpaka hata mbuzi anayepita dirishani angeweza kulisema. Na kuna ile kanuni ambayo hakuna aliyeiandika na kila mwalimu anaijua: watoto wote wanyooshe mikono. Anayejua jibu anyooshe wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto. Mwalimu anachagua wa kulia, mgeni anaona msitu wa mikono, kila mtu anakwenda kula nyama. Mimi mwenyewe hesabu zote za utotoni nilizisoma kwa mkono wa kushoto.

Mgeni aliitwa Ulrike, mwanamke mrefu mwenye begi la mgongoni. Alikaa nyuma pamoja na ofisa wa elimu wa wilaya, mwalimu mkuu, na sisi walimu tusio na kipindi. Rakhat alianza. Maswali yalitoka, mikono ikaruka yote, majibu yakaja safi kama maji ya mlimani. Ulrike akawa anatingisha kichwa kwa raha.

"Watoto wote! Kila mmoja!" alimnong'oneza ofisa. Ofisa, aliyewahi kufundisha huko nyuma, akatazama dari.

Somo likaisha. Kwa desturi mwalimu mkuu huuliza kama wageni na walimu wana neno, na kwa desturi hakuna mwenye neno. Zuurakan akasimama. Aliongea Kijerumani, polepole, kwa heshima zote, nami nilielewa kila alichosema.

"Mgeni wetu, watoto hawa wanatamani sana uwasemeshe wewe mwenyewe. Waulize lolote. Ila tafadhali chagua walionyoosha mkono wa kushoto, hao leo hawajapata zamu."

Rakhat alikuwa ameshafungua mdomo, lakini Ulrike alikuwa ameshasimama. Akauliza swali la mtoto wa chekechea: leo asubuhi umekula nini? Mikono yote ikaruka. Mazoea ni mazoea. Akamwelekezea kidole mvulana wa mkono wa kushoto. Kimya. Akamgeukia mwingine wa kushoto. Kimya, na sikio jekundu. Wa tatu alikuwa msichana mmoja wa dawati la mbele, Ayperi, mwenye mdomo usio na breki. Akasimama na kulalamika kwa Kikirgizi, karibu kulia:

"Lakini mwalimu, mimi nimenyoosha wa kushoto! Si ulisema wa kushoto hatuulizwi?"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Mwalimu wa Kirusi akajifunika uso kwa daftari. Ulrike akageuka kulia na kushoto kuuliza mtoto amesema nini, na hakuna aliyetaka kumtafsiria. Zuurakan akamtafsiria, neno kwa neno, bila kuongeza hata chumvi.

Nilifurahi. Sitajifanya nilimhurumia Rakhat.

Saa iliyofuata ilikuwa zamu ya Zuurakan. Aliwaambia watoto wake mbele ya wageni wote: anayejua anyooshe mkono, asiyejua aweke mikono juu ya dawati na nitamsaidia, hakuna atakayekufa. Ikanyooshwa mikono michache. Wengine wakakosea, akawarekebisha, wakakosea tena, wakacheka. Mwisho wa kipindi Ulrike alikuwa amevuta kiti katikati yao na wanabishana naye bei ya maharage.

Pale ukumbini, kabla ya kukaa mezani, Rakhat alimkamata Zuurakan kiwiko. Kitambaa cha shingoni kilikuwa kimempinda.

"Umenivua nguo mbele ya watoto!"

"Wewe ulimvua Emma viatu, eje."

Nikaona Rakhat amekumbuka. Nyama ilipoletwa hakugusa.

Msidhani tulimbeba Zuurakan mabegani. Tangu siku ile wakaguzi wa wilaya wamekuwa wakitazama mikono ya kushoto, na walimu wa shule zote za bonde wanajua ni nani wa kumlaani. Chumbani kwetu walimnyima chai wiki nzima. Mwalimu wa Kirusi alimwambia, "Ulikuwa na ugomvi na mmoja, umetuchomea nyumba wote." Zuurakan akamwambia ajifunze kufundisha. Alikuwa na barua ya kualikwa Ujerumani mkobani, na nilimsaidia kufunga sanduku.

Aliomba kitu kimoja kwa waandaaji, apangishwe kwa mama yule yule wa kwenye picha. Wakakubali. Alinisimulia yote kwa simu. Mama anaitwa Gisela, alimfungulia mlango kwa mikono miwili, na hapo mlangoni, kwenye kibao cha viatu vya wageni, ndara zilikuwepo. Zimechujuka kidogo, pembe bado nyekundu.

"Vaa, vaa," Gisela alimwambia. "Aliziunda mwenzako wa nchi yenu, yule Rakhat, kwa mikono yake. Aliniambia alishona msimu mzima wa baridi."

Zuurakan akazipindua, akamwonyesha herufi chini ya soli. Kisha akamwonyesha mikono yake, akamweleza. Gisela alikaa chini palepale kwenye ngazi. Hakubisha. Alizifua kwa mkono, akazikausha juani siku mbili, na Jumapili akatoa gari.

Picha iliingia kwenye kundi la simu la walimu saa ya chai, sote tumekaa, Rakhat akiwa kwenye kiti chake karibu na jiko. Jiwe la kaburi, jina la Emma, nyasi zilizokatwa vizuri. Juu ya jiwe, ndara mbili nyeupe, zimepangwa pamoja vidole mbele, kama mtu amezivua aingie ndani. Chini yake Zuurakan ameandika maneno machache tu: "Rakhat eje, zimefika."

Simu zililia meza nzima. Mmoja baada ya mwingine wakaitazama, kisha wakamtazama yeye. Mwalimu wa Kirusi, yule yule wa nyumba kuchomwa, akasukuma sahani yake, akatoka nje bila kuaga. Rakhat aliigeuza simu yake kifudifudi na kuendelea kukoroga chai ambayo hakuitia sukari.

Mimi niliipeleka picha ile mjini, nikaichapisha kwa ukubwa. Nikaibandika ubaoni pale penye picha za safari za Rakhat, kwa pini zake mwenyewe za buluu. Mpaka leo yeye ndiye mwenye funguo za chumba kile, huingia wa kwanza kila asubuhi, na hajaibandua.