Gari la Kumteremsha Mama

Nilipotimiza miaka hamsini, watu wa kanisani walianza kuniuliza kwa upole kama bado ninalo lile gari. Walisema "lile gari" kama mtu anavyomuulizia mchumba asiyefaa. Lilikuwa dogo, jekundu, la milango miwili, limelala chini karibu liguse lami, na eksozi yake ilikuwa na mngurumo uliofika nyumbani kabla yangu. Nililipenda na sitajitetea. Mchana kutwa nauza saruji na mabati na kugombana na mafundi, jioni naongoza kwaya. Mtu wa namna hiyo anastahili kuwa na kitu kimoja cha kijinga, na changu kilikuwa na gia sita.

Mume wangu hana kitu hata kimoja cha kijinga. Ni mwanajeshi mstaafu, amekulia Uganda, na anakunja soksi zake kana kwamba kuna mkaguzi atakayekuja. Siku moja alikuja dukani, akasimama mbele ya mizani ya misumari, akasema, "Mama watoto, lile gari si siriasi. Tutafute la umeme, la maana, lenye viti vya juu."

Nikadhani ni habari ya petroli, kwa sababu siku hizo kila mwenye gari Gisenyi alikuwa akilia na bei. Lakini niliporudi nyumbani nilimkuta amepiga magoti sebuleni na utepe wangu wa dukani, anapima kimo cha kiti cha mbao ambacho mama yangu hukikalia akija kututembelea. Alipima mara mbili, akajiambia kitu kwa sauti ya chini, akaurudisha utepe mfukoni. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Hakunieleza lolote, nami sikumuuliza, maana wanajeshi hupima vitu.

Hapo ndipo lazima nimlete mama. Mama anaishi Kanzenze, huko juu kwenye baridi, ana ng'ombe wawili na shamba la viazi ambalo hamwachii mtu yeyote alisimamie. Tulirudi Rwanda kutoka Karagwe nikiwa msichana mkubwa, kwa hiyo siku za amani mimi na mama tunaongea Kinyarwanda, na tukigombana tunarudi kwenye Kiswahili, kwa sababu Kiswahili ndicho tulichojifunzia kugombana. Alipanda gari langu jekundu mara moja tu. Ilikuwa Jumapili, tulikuwa tunakwenda kanisani, na mume wangu alijikunja nyuma kama mzigo ili mama akae mbele. Tulipofika nilikuwa nimechelewa kwaya, nikawaacha wao wawili kwenye gari nikakimbilia ndani. Baada ya ibada mama aliniambia kwa Kiswahili, "Gari lako linakimbia mno. Mimi bado nahitajika duniani." Tangu siku hiyo akawa anashuka mjini kwa basi.

Niliudhika, lakini niliweza kuishi na hilo. Kisha goti lake likavimba, na ngazi za basi zikamshinda. Mwezi huohuo binti yangu akaleta habari kwamba kuna kijana, na kwamba upande wa kijana wataleta wazee kuja kumposa rasmi, kwa mahema na vinywaji na hotuba zile ndefu. Kwetu, siku kama hiyo bibi ana kiti chake. Bibi asipokuwepo wageni huuliza, na jibu lolote utakalotoa lina kasoro. Mama akaniambia nisihangaike, atatuombea kutoka Kanzenze. Teksi ya kukodi aliikataa pia. Alisema hawezi kufika kwenye sherehe ya mjukuu wake kwa gari la mtu asiyemjua, wakati binti yake ana gari.

Basi nikakubali kuachana na gari langu. Nilimtaka mama siku ile. Yeye ndiye aliyembeba mgongoni binti yangu wakati mimi nazunguka kutafuta mtaji wa mabati ya kwanza, na sikuwa tayari kusimama mbele ya wageni kueleza habari za mwendo wa gari.

Muuzaji tuliyemwendea ni mtu wa ziwani, baba yake alivua sambaza, dagaa wa kwetu, naye amehamia kwenye betri. Alikuwa na magari mawili uani kwake. "Mama," akaniambia, "hii voiture iko muzuri sana. Haina kelele, haikunywake mafuta. We unaingiza tu mu prise ya ukuta, bon, asubuhi unaenda."

La kwanza lilikuwa la kijivu, limelala chini, lina taa nyembamba za dharau. Moyo wangu ulilirukia. Nilianza kulisifia kwa sauti ya mtu mwenye busara: nikataja buti, nikataja usalama, nikataja mazingira. Mume wangu akafungua mlango, akaingiza utepe, akautoa. "Hapana," akasema, na huo ndio ukawa mwisho wa mjadala.

La pili lilikuwa jeupe na refu kwenda juu, lina umbo la mkate mzima ambao haujakatwa. Mtu akiliegesha mahali, ungeweza kulipita ukidhani ni friji. Utepe uliingia, utepe ukatoka, na mume wangu akatabasamu, jambo analolifanya kwa nadra. Muuzaji alikubali niende nalo Kanzenze siku hiyohiyo, akabaki na funguo za langu jekundu kama dhamana. Kabla sijafika barabarani nilisikia nyuma yangu akilikanyagia mafuta pale uani, na wivu ukanishika.

Mama alilizunguka lile jeupe akiwa ameshika fimbo yake.

"Linakula nini?"

"Umeme."

"Na umeme unatoka wapi?"

"Mwingine unatoka kwenye gesi ya ziwa, mama. Wanaivuta kutoka chini ya maji."

Alitafakari kidogo. "Kwa hiyo ziwa linajamba, na wewe unakwenda kanisani."

Akafungua mlango wa nyuma, akakitazama kiti kwa muda mrefu kuliko nilivyoona inafaa. Akakigeuzia mgongo, akakaa. Hakuinama wala hakushika paa. Alikaa tu kama anavyokaa kwenye kiti chake cha jikoni, akabaki hapo akipapasa ukingo wa mlango. Kisha akashuka, akaingia ndani ya nyumba, akarudi na inkongoro, kile chombo cha mti tunachonywea maziwa. Ilikuwa imejaa maziwa mpaka mdomoni, na hakuwa ameifunika.

"Tutashuka wote mpaka mjini," akasema, tayari kwa Kiswahili. "Hii nitaishika magotini. Likimwagika tone moja, nitafutie mtu wa kunirudisha, na habari ya sherehe imekwisha."

Mtu asiyetoka kwenye nyumba ya ng'ombe anaweza kudhani huo ni mzaha. Kwetu maziwa hayamwagwi. Nimewahi kupigwa kwa sababu ya maziwa nikiwa na umri ambao sikuwa nimepigwa hata kwa uongo. Nilimtazama mama, nikaitazama inkongoro, nikaifikiria barabara ya kutoka Kanzenze kushuka ziwani na kona zake zote, nikamlaani kimoyomoyo yule kijana aliyempenda binti yangu.

Niliendesha kama nimebeba askofu mgonjwa. Waendesha baiskeli waliofunga magunia ya viazi nyuma walinipita wakigeuza vichwa kunitazama. Nilipunguza mwendo kwenye kamera za barabarani, zile ambazo watu wamezipa jina la kike, ingawa sikuwa na mwendo wowote wa kupunguza. Kila nilipoachia mguu gari lilijizuia lenyewe kwa ulaini, na namba ya chaji kwenye dashibodi ikapanda badala ya kushuka. Mama alikuwa ameinyoosha shingo kuitazama.

"Linashiba likiteremka?"

"Ndiyo, mama."

"Basi lina akili kuliko mwenye kuliendesha."

Kwenye kioo niliyaona maziwa yakicheza ukingoni, yakirudi, yakicheza tena, na mikono yake ikiwa imetulia kabisa. Tukafika Nyakiriba hakuna kilichomwagika, nami nikaanza kujisifu moyoni.

Mtu akianza kujisifu moyoni ndipo majaribu hutumwa. Pikapu lililojaa kabichi lilitokea nyuma, likapiga honi, likanipita kwa fujo zote. Dereva wake aliushusha mwendo ubavuni kwangu makusudi, akaliangalia lile umbo la mkate, akacheka na meno yote, akaenda zake. Mbele barabara ilikuwa imenyooka na kupanda kidogo, mstari wa katikati umekatika, upande wa pili mtupu kabisa. Sikumbuki kuamua lolote. Mguu ulikwenda wenyewe.

Ni lazima niseme ukweli kuhusu magari ya umeme, kwa sababu watu wa kanisani hawausemi. Hayangurumi, hayatafuti gia, hayakupi hata onyo. Lile friji lilinibandika kitini, kabichi zikanipita dirishani kama ukuta wa kijani, na dereva wa pikapu akabaki nyuma na meno yake. Nilifurahi sana. Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja hivi, kisha nikakumbuka maziwa.

Niliinua macho kwenye kioo nikiwa nimeshaanza kutafuta maneno ya kuwaambia wakwe. Mama alikuwa amerudisha kichwa nyuma na inkongoro imepinduliwa mdomoni. Alimalizia, akaishusha, akageuka kuzitazama kabichi zikipungua nyuma yetu. Mdomo wa juu ulikuwa na mstari mweupe.

"Hakuna kilichomwagika," akasema.

"Mama! Umeyanywa yote?"

"Nilisema yasimwagike. Habari ya kunywa hatukuizungumza."

"Ulijuaje kwamba nita..."

"Mabega yako. Tangu u mtoto mdogo, ukitaka kufanya utundu mabega hupanda kwanza. Yalipopanda, nikanywa."

Niliendesha polepole mpaka tunaingia mjini. Nilihesabu kwamba mtu anayetaka kulikataa gari hanywi inkongoro nzima ya maziwa kwa mkupuo ili kulinusuru. Lakini sikuelewa kwa nini amebadilika, kwa kuwa mwendo uleule alioukataa kwenye gari jekundu ndio huu niliomwonyesha, tena bila kelele ya kumtahadharisha.

Mume wangu alikuwa langoni. Alipomwona mama ndani ya gari alirudi hatua mbili, akaweka mikono nyuma, akatazama chini. Nikazunguka haraka kwenda kumshika mama mkono.

"Kaa mbali," akaniambia.

Akafungua mlango. Akaishusha miguu yote miwili, fimbo ikatangulia, akasimama. Lilikuwa jambo la kawaida kabisa, mtu ameinuka kutoka kwenye kiti. Alinyoosha nguo yake begani, akamsalimia mkwe wake kwa mbali kama inavyopasa, naye akamjibu kwa heshima zote, akaenda ndani kuandaa chai bila kuambiwa.

Mama alimsindikiza kwa macho mpaka akaingia. Kisha akanivuta karibu.

"Mwendo wako sikuwahi kuuogopa," akasema. "Ile Jumapili ulipokimbilia kwaya, nilishindwa kutoka kwenye lile shimo lako jekundu. Nilijaribu mpaka nikatoka jasho. Yeye akatokea mlango wako, akazunguka, akapitisha mikono kwapani, akaninyanyua, nikamwangukia kifuani. Mkwe wangu! Wazee wa kanisa wamesimama pale wanatazama."

Kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawagusani. Hupeana heshima kwa mbali, na ikitokea ajali ya namna hiyo haisimuliwi. Kwa hiyo mama alitafuta kisingizio cha mwendo, na mume wangu akatafuta utepe, apime kiti ambacho mama angeinuka mwenyewe, na wote wawili wakakaa mezani kwangu Jumapili hadi Jumapili wakila chakula changu bila kunitajia neno. Nilicheka, kisha nikakasirika. Nilimwambia mama kwamba angeniambia ningelitupa lile gari ziwani siku hiyohiyo.

"Ungeniuliza maswali," akasema. "Wewe unauliza maswali sana."

Jekundu lilinunuliwa na muuzaji mwenyewe. Alisema ni la biashara, lakini mpaka leo hajaliuza, na jioni nyingine namsikia akilipandisha kilima cha kutoka mjini, anakosea gia ya tatu palepale kila siku.

Siku ya kumposa binti yangu ilikuwa ya jua. Mahema yalijaa, wazee wa upande wa kijana walikuwa wamekwisha kupangwa kwenye viti vyao, na wazee wetu wa kanisa, walewale wa ile Jumapili, walikuwa safu ya mbele. Vijana wa itifaki walinielekeza niingilie nyuma, jikoni, ambako bibi angeshuka taratibu bila kuonwa na mtu. Niliwashukuru. Nikapita lango la mbele, nikaendesha polepole juu ya majani, nikasimama katikati kabisa ya mahema mawili. Nikazima gari. Wote waligeuka kututazama, nami nikabaki nimekaa, mikono juu ya usukani, nikasubiri mama afungue mlango wake mwenyewe.