Jezi ya Sumaku ilivyopauka ukutani

Saa tatu asubuhi, nje ya geti la uwanja wa mpira, mzee mmoja ameinamia ubao aliouegemeza mapajani. Anang'oa kifuniko cha maka peni kwa meno, kisha anashusha mstari mweusi kutoka paji la uso hadi kidevuni. Maka peni haifutiki. Ukikosea, karatasi imekwenda na maji.

Mteja wake, muuza mitumba anayetaka picha ya winga ampendaye, amesimama nyuma yake akitoa maelekezo.

"Masikio usiyafanye madogo, fundi. Huyu jamaa anasikia filimbi kabla refa hajapuliza!"

"Tulia, kijana. Masikio yanakuja. Kwanza macho."

Hapa getini wanamwita Maka. Zamani aliandika mabango ya maduka kwa brashi, mpaka mashine za kuchapa zilipomnyang'anya kazi. Akageukia nyuso za wachezaji. Ligi ikichezwa hupata wateja wawili watatu kwa siku. Ikisimama, hukaa wiki nzima akipigwa na upepo tu.

Anapomkabidhi muuza mitumba picha yake, anamshika mkono. "Usiitundike penye jua. Tafadhali sana."

"Kwani itayeyuka?"

Maka hacheki. Mteja anapoondoka, anaeleza sababu.

Miaka sita iliyopita, golikipa wa timu ya mji alimjia baada ya mazoezi. Mashabiki walimwita Sumaku, kwa jinsi mipira ilivyomganda mikononi. Alitaka zawadi ya mama yake. Akaketi juu ya ndoo, jezi ya kijani ikiwa bado imelowa jasho, na kutulia kukamshinda.

"Nikamwambia, 'Mwanangu, langoni unakaa dakika tisini, hapa tano tu zinakushinda?'" Maka anakumbuka. "Akasema, 'Langoni natazama wenzangu, mzee. Hapa natazamwa mimi.' Akacheka. Nikakiwahi kile kicheko karatasini."

Mama mtu aliipenda mno picha hiyo. Akaitundika sebuleni, mkabala na dirisha, ili kila apitaye njiani aione.

Mwaka uliofuata, Maka aliona sampuli alizobandika kibandani kwake zinapauka. Nyekundu ikawa ya waridi, kijani kikaisha kabisa. Ndipo alipojua kuwa wino ule hauwezani na jua. Alimfikiria Sumaku. Nyumba yao aliijua. Ni mtaa wa pili tu kutoka uwanjani.

"Kila siku nikisema kesho nitapita," anasema. "Niliona haya. Ningeanzaje? 'Shikamoo mama, ile kazi yangu mbovu'? Nikajipa moyo kwamba Sumaku yupo, nitamchora tena."

Sumaku aliugua ghafla, akafariki kabla ligi haijaisha. Maka alikwenda mazikoni, akasimama nyuma kabisa.

Mwaka huu, mama yake Sumaku alifika getini na picha ameifunga kwenye shuka. Akaifungua mbele ya Maka. Rangi ya ngozi ilikuwa imetoweka, jezi imebaki karatasi tupu. Mistari myeusi ndiyo iliyosalia, nayo imekuwa ya kahawia. Jicho moja lilionekana kwa shida.

"Mwanangu ananiondokea mara ya pili, baba," mama alimwambia. "Nirudishie."

Maka akaomba picha nyingine ya kumwongoza.

"Ninazo za magazeti. Zote yuko hewani anadaka, mikono imemziba uso. Na simu yake ilipotea kipindi kile cha ugonjwa."

Maka akachukua maka peni, akaishikilia juu ya karatasi. Mkono haukushuka.

"Kicheko bado nakisikia," anasema, "lakini mdomo ulikaaje? Nimechora nyuso ngapi tangu siku ile! Ningebahatisha, ningempa mtoto wa mtu mwingine."

Akamweleza ukweli wote, pamoja na zile kesho zake. Mama hakumlaumu, wala hakumwambia yamekwisha. Alipitisha kidole pale jezi ilipokuwa.

"Basi uso uache," akasema. "Uso naujua mwenyewe, hata gizani. Jezi ndiyo unipakie, kijani kilekile. Nikiamka nimwone amevaa."

Sasa Maka ameziweka kando maka peni kwa kazi hiyo moja. Amerudia rangi za mabango, zile alizowahi kuona zikipigwa na jua miaka nenda miaka rudi bila kupauka. Anachanganya kijani, anapaka kipande cha karatasi, anatikisa kichwa, anaanza upya.

Akikipata kijani chenyewe, hatamngoja mama aje kuichukua picha. Anataka kuipeleka na kugongelea msumari mwenyewe, kwenye ukuta ulio mbali na dirisha.

"Nikifika pale mlangoni sijui nitasema nini," anasema. "Lakini angalau safari hii nitakuwa nimefika."