Siku Niliyomzika Mjomba na Yeye Yuko Safu ya Mbele

Nimechoka kusikia watu wakinisimulia mkasa wangu mwenyewe huku wakiutia chumvi, basi leo nausema mimi, na aibu yake yote: nilimuua mjomba wangu kwa kalamu, nikamtungia wimbo, halafu akaja kunisikiliza.

Mnanijua, mimi ndiye yule Mkongo wa kofia pana na buti za mchunga ng'ombe ambaye tangu mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili naimba kantri na roki katika mikahawa ya Brussels, mbele ya watu wanaosubiri rumba (na wanaisubiri mpaka leo, maskini). Gitaa nilifundishwa kwetu Kipushi, Kongo, na huyo mjomba, tonton Faustin, aliyekuwa na sahani tatu za santuri za muziki huo na hakumruhusu mtu kuzigusa. Ndiye mtu wa kwanza kuniambia kwamba naweza. Baada ya albamu nne ambazo hazikunifikisha popote nikaandika kitabu cha maisha yangu, na sura ya sita, ile ya mjomba, ikakataa kuisha. Mhariri wangu, mama mmoja wa Uccle mwenye subira ya kutisha, akasema sura inaning'inia. Sikuwa na habari za tonton kwa miaka kumi na mmoja, ila mtu mmoja alisema alisikia kwamba mzee yuko taabani (mnajua habari zetu zinavyosafiri), nikaona, ah, atakuwa ameshakufa huyu, nikaandika: "Akafa na gitaa kifuani."

Sentensi moja tu. Ikazaa wimbo, na wimbo huo, nyie, ndio wa kwanza kuwaliza watu kwa sababu nzuri. Akina mama wa parokia wakamwombea misa, mimi nikaketi mbele nimevaa nyeusi. Ningesema nini tena?

Ikaja siku ya kuzindua kitabu, Jumamosi mchana, ukumbi wa parokia kule Koekelberg, umejaa. Maman Odette, kiongozi wa akina mama hao, akashika maikrofoni.

"Simameni, tafazali. Une minute de silence juu ya marehemu tonton Faustin wa Kipushi, mwenye alimufundisha artiste wetu gitaa."

Wakasimama wote. Safu ya mbele akasimama pia mzee mmoja aliyeshikwa mkono na binti yake, akavua kofia kwa heshima, akainamisha kichwa, kisha polepole akakiinua.

"Pardon, maman," akasema. "Faustin wa Kipushi, njo mimi."

Ndiye. Binti yake alikuwa amemleta kutibiwa macho, wamefikia Auderghem, hapa hapa Brussels, wakaona tangazo lenye sura yangu, mzee akataka kunishtukiza. Nilifumba macho. Dakika ya kimya ilikuwa haijaisha, nikaomba iendelee mpaka Jumatatu.

"Na misa yetu?" Maman Odette akaniuliza.

"Bon," tonton akasema. "Soma pale penye nilikufa, nisikie."

Nikasoma. Mtu akacheka kule nyuma, kisha ukumbi mzima, isipokuwa yeye. Kitabu wala kuimba sikuvijali tena. Niliogopa kwamba atageuka atoke, na sitakuwa na mjomba tena, si hai wala marehemu.

"Kifo ni kizuri," akasema. "Alors, mutoto wangu, wakati nilikuwa muzima, ulinipigia simu mara ngapi?"

Kicheko kikakatika. Namba yake ilikuwa ukurasa wa kwanza wa daftari langu la nyimbo, miaka yote kumi na mmoja.

"Hata mara moja, tonton."

Akanitazama kwa macho yake yenye ukungu, akavaa kofia, akaketi. "Imba basi ile wimbo yangu." Nikaimba vibaya, kofia pana imenifunika uso, naye akigonga goti kila nilipopoteza mapigo, kama zamani.

Sitamzika tena mtu ambaye sijampigia simu, na hilo naliapa. Alirudi Kipushi, na kila Jumapili nampigia, hata nikiwa nimechoka, hata nikiwa sina la kusema. Haningoji nimsalimie.

"Ningali muzima," anasema. "Usiandike kwanza."