Leseni ya Marehemu Kizuizini Tunduma

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kwenye kizuizi cha magari mpakani Tunduma nikiwa nimevaa viatu vya kuazima vilivyonibana vidole. Nilitoka kwetu Igamba na cheti cha shule ya misheni. Bwana Inspekta, Mwingereza mrefu asiyepandisha sauti, alinikabidhi daftari na wino.

"Karani," alisema, "usiangalie gari. Mwangalie anayeliendesha."

Magari yaliingia kutoka Rodeshia ya Kaskazini, ambayo ninyi mnaiita Zambia. Dereva mgeni hakulazimika kufanya mtihani wetu. Leseni ya kwao ilimtosha kwa muda wa ugeni wake, mradi haijaisha na ni ya aina ya gari analoendesha. Mwenye leseni ya gari dogo hakuruhusiwa kushika lori. Akihamia huku, ndipo alitahiniwa apate ya Tanganyika. Kila dereva alitia saini daftarini, nami nikailinganisha na ile ya kwenye leseni.

Mwaka wangu wa tatu, asubuhi moja, lori la mahindi lilisimama. Nilipoifungua leseni nikasoma jina: Yohana Silwimba. Yohana, aliyekuwa akiendesha malori ng'ambo ya mpaka, alikuwa rafiki yangu, na miezi michache nyuma nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake. Aliyekuwa kwenye usukani ni mdogo wake, Petro.

"Kaka, piga muhuri nipite," alininong'oneza. "Shemeji na watoto wananitegemea mimi sasa. Kuendesha najua, Yohana mwenyewe alinifundisha."

"Kwa nini hukutafuta ya kwako?"

"Tajiri alitaka dereva siku ileile. Ningesema sina, angemchukua mwingine."

Muhuri nilikuwa nao mkononi. Nikawaza: akimgonga mtu huko mbele Nanyala, atakayeshtakiwa ni nani? Marehemu? Nikamwita Bwana Inspekta.

"Unamfahamu?" aliniuliza.

"Ndiyo, bwana. Ni mdogo wa rafiki yangu."

Alinisogezea daftari. "Basi andika jina lake la kweli."

Petro alifungwa. Kanisani watu waliacha kunipa mkono, na mama yangu alikuwa akinitengea chakula kisha anakwenda kula kwake. Alipotoka gerezani, Petro alitahiniwa, akapata leseni kwa jina lake, akaendesha malori ya kahawa Mbozi hadi uzeeni. Alinisamehe; kwenye harusi ya binti wa Yohana alinivutia kiti nikae karibu naye.

Aliyenishinda ni mjane wa Yohana. Siku moja alikuja ofisini, akaomba apewe leseni ya mumewe. Nikamweleza kwamba, kama kanuni ilivyotaka, nilikuwa nimeitia kwenye bahasha na kuirudisha Rodeshia kwa walioitoa.

"Ilikuwa na mwandiko wake," alisema. "Picha hakuwahi kupigwa."

Aliaga kwa adabu, akaondoka.

Nimestaafu miaka mingi sasa, na nyinyi vijana huniuliza kama najutia kumtaja Petro. Sijutii. Lori lile ningelizuia hata leo. Ila bahasha ile nisingeifunga kwa haraka hivyo. Hakuna kanuni iliyonikataza kumwita kwanza yule mjane, akae kitini mwangu, autazame mwandiko wa mumewe mpaka atosheke.