Nilimwamkia Rubani Ndege Ikiwa Mbioni

Admin, nifichie jina. Hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu. Nina miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu, naishi Mkolani, hapa Mwanza. Mimi ni mtu wa vitabu, kuongea na watu kunanishinda.

Likizo nilikuwa kisiwani kwa mama mkubwa aliyenilea nikiwa mdogo, mpishi kwenye hoteli ya watalii. Siku ya kurudi Mwanza tulipewa lifti kwenye ndege ndogo iliyoleta wageni. Tulikuwa watatu: rubani, mimi kando yake, mama mkubwa nyuma. Nilipanda kimya. Rubani aliponiona natazama mishale ya vipimo mbele yake, akanionyesha wa mwendo. "Ukifika hapa ndipo tunapaa. Kabla ya hapo haitubebi." Nikaitikia kwa kichwa tu.

Ndege ilipoanza kukimbia, mama mkubwa akanichoma kidole begani. "We mtoto! Baba wa watu anakusemesha, hata shikamoo hujampa?"

Nikaona aibu, nikapaza sauti, "Shikamoo!"

Rubani akacheka, akanigeukia kabisa. "Marahaba, mwanangu! Kumbe unaongea? Nilidhani nimebeba mzigo!"

Hapo ndege ikahama njia, gurudumu likaingia kwenye majani. Akashtuka, akavuta usukani. Mshale haukuwa umefika, niliuona. Tulinyanyuka kama kimo cha nyumba, king'ora kikalia, bawa la kushoto likainama, tukaanguka kwenye matete ya ufukweni.

Mimi na rubani tulichubuka tu. Mama mkubwa alivunjika paja. Sasa yuko kwetu, namwogesha, nafua mashuka, halafu ndipo nashika daftari na usingizi unanichukua. Kila mgeni anamwambia, "Yule rubani alikuwa chakari." Hakuwa amekunywa. Nilikaa naye bega kwa bega. Kosa lake ni kugeuka.

Mchunguzi wa ajali alikuja nyumbani. Kabla sijafungua mdomo, mama mkubwa akasema, "Huyu alikuwa anasoma kitabu, hakuona kitu." Nikaitikia. Mchunguzi akasema rubani amesimamishwa kazi, na anachokiri ni kwamba macho yalihama. Yalihamia wapi, hasemi. Akaacha namba.

Nimechoka, ndugu zangu. Nikisema kwamba yeye ndiye aliyenihimiza nimwamkie, namwita mwongo mtu aliyenilea, naye hajiwezi kitandani. Nikinyamaza, mtu ambaye hakulewa anabaki kuitwa mlevi. Nishaurini, mngekuwa mimi mngefanyaje?

Hayo niliyaandika Jumapili nikaogopa kutuma. Leo naongeza. Baada ya vipindi nilimwomba mwalimu wa zamu simu, nikampigia mchunguzi. Nikamweleza yote, ya shikamoo na ya mshale. Akauliza kama nyumbani wanajua. Nikasema bado.

Nilirudi, nikampelekea mama mkubwa uji, nikamwambia. Akasukuma kikombe. "Toka mbele yangu."

Nikatoka, nikakaa jikoni. Saa ya kumgeuza ubavu ilipofika nikaingia tena, nikamgeuza. Kisha nikamsogezea tena kile kikombe cha uji.